Mistari ya Nadira

Bi Rahima wa Mjambere alikuwa amechoka kuambiwa. Usile samli, kaambiwa. Usishone ukiwa umeipa taa mgongo, kaambiwa. Ukishona nusu saa pumzisha macho, inuka utembee, kula mboga za majani, vaa miwani ya jua hata ukienda hapo dukani tu. Mtu wa miaka sabini na mbili, aliyelea watano na kuzika mume, avae miwani myeusi kwenda kununua bamia! Si watu watasema bibi kaanza usanii?

Ila jicho la kushoto lilikuwa limeshajiendea zake. Si kwamba lilikuwa giza, la. Pembeni liliona vizuri tu, lingeweza hata kukuambia paka kapita mlangoni. Taabu ilikuwa katikati. Katikati palikuwa na doa, kama mtu kachovya dole gumba kwenye masizi akalibonyeza hapo. Akifumba la kulia akakutazama kwa hilo, anaona masikio yako, anaona mabega, anaona na mtandio ulivyoufunga, uso hamna. Lililobaki la kutegemea lilikuwa la kulia, na ndilo alilokuwa akishonea kofia.

Kofia zenyewe ni zile nyeupe za mkono. Watu huziona kichwani mwa bwana harusi wakasema mashallah, wasijue kwamba kila ua pale limetobolewa kitundu kwa kitundu, na kila kitundu kimezungushiwa uzi. Kofia nzuri ni kazi ya miezi. Na kwa miaka arubaini kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Nadira, shoga yake wa Bombolulu, huchukua kitambaa cheupe cha bafta, penseli na rula, akapiga mistari ya kuongoza, juu yake akachora maua. Kitambaa kikishakuwa tayari huja Mjambere kwa Rahima na sindano yake. Mwenye kuchora hashoni, mwenye kushona hachori, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia mwenziwe amekosea. Wala si kwa adabu. Hawakuwa wakikosea.

Daktari wa macho, kijana wa Kikamba aitwaye Kyalo, alikuwa amemweleza yote kwa upole, tena pole pole, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

"Mama, nyuma ya jicho kuna kitu kama ukuta mwembamba, huo ndio wa kuonea. Sasa kwa sababu ya umri, mafuta-mafuta yameanza kuganda chini yake. Sisi tunayaona kama madoa ya manjano. La kushoto ukuta ushachakaa hapo katikati, hatuwezi kuurudisha. La kulia bado liko sawa. Lakini nisikize vizuri. Siku ukiona mstari ulionyooka umepinda, hata mmoja, iwe ni mlango, iwe ni dirisha, usingoje kesho. Hayo ni maji yanavuja huko nyuma. Kuja siku hiyo hiyo. Tukidunga mapema tunaokoa."

"Mkidunga wapi?"

"Kwa jicho, mama."

Bi Rahima akachukua mkoba wake akasimama.

Kabla hajatoka alipewa karatasi yenye viraba vidogo vidogo na nukta katikati, aibandike ukutani aitazame kila asubuhi, jicho moja moja. Alifika nayo nyumbani akaitia chini ya godoro. "Mimi kutwa nzima natazama mistari ya Nadira," alimwambia mjukuu wake. "Karatasi hini ya nini?"

Dawa nazo zilikuwa na mambo yake. Mwaka wa juzi, kliniki nyingine kabisa, alikuwa ameambiwa mafuta yamezidi kwenye damu, akaandikiwa kidonge kimoja kila siku kabla ya kulala, cha kulinda moyo. Nyumbani kikaitwa "dawa ya mafuta" na jina likaganda. Alimeza miezi mitatu. Mapaja yakaanza kuvuta, mashavu ya miguu yakawa mazito kama yamejazwa mchanga. Akaacha, na hakumwambia mtu. Kila mwezi Hafswa huleta pakiti, yeye husema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuweke," na pakiti huingia kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Huko hulala zikipumzika kuliko yeye.

Sasa huyo Hafswa. Hafswa ni mtoto wa binti yake wa tatu, miaka ishirini na moja, yuko chuo mwaka wa pili anasomea ufamasia, na anaishi kwa bibi yake kwa sababu ni karibu na chuo. Mtoto mzuri, ana huruma, ana akili, ila mdomo wake haujui kubisha hodi. Habari ikimwingia sikioni lazima itoke kabla haijapoa. Jumanne moja aliingia bado viatu viko miguuni, mtandio umemshuka mabegani, mkoba unaburura chini.

"Bibi! Bibi weye! Umekaa? Hebu kaa!"

"Nimekaa tangu alfajiri. Nikae vipi tena?"

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Vua viatu."

"Navua. Bibi, leo darasani, wallahi nimekukumbuka mpaka nikainua mkono nikauliza mbele ya watu. Zile dawa zako za mafuta! Mwalimu kasema kuna madaktari waliwapa watu wenye ugonjwa wa macho kama huu wako, wakawapa kipimo kikubwa, na unajua nini? Wengine yale madoa ya mafuta nyuma ya jicho yakayeyuka. Yakayeyuka, bibi! Na wewe unazimeza kila siku bila kujua!"

Bi Rahima alikuwa na sindano mkononi. Akaichoma kwenye kitambaa ikae.

"Yakayeyuka?"

"Yakapotea! Kama hayakuwahi kuwako!"

Mwalimu, masikini, alikuwa na nusu ya pili ya maneno. Alisema watu wenyewe walikuwa wachache, na waliojaribiwa kwingine hawakuonekana kupata tofauti. Alisema hakuna daktari anayeandika dawa hizo kwa ajili ya macho, na mtu asije akajiongezea. Nusu hiyo Hafswa aliiandika daftarini, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na huko daftarini ikabaki. Si kwamba aliificha. Alikuwa na njaa, na viazi karai vilikuwa mezani, na baada ya viazi kukawa na hadithi ya msichana wa darasa lao aliyeposwa na watu wawili wiki moja.

Lakini bibi hakumsikiza tena. Alikuwa akiwaza samli. Samli ikiganda kwenye kopo, unafanyaje? Unaitia motoni. Hukwangui, huchokonoi, hudungi sindano. Unaitia motoni inayeyuka yenyewe. Daktari kasema mafuta yameganda. Dawa ni ya mafuta. Sasa hapo kuna fumbo gani? Miezi yote hiyo dawa ya jicho iko juu ya kabati, na yeye anatishwa na kudungwa!

Usiku ule alimeza viwili. Mtoto si kasema kipimo kikubwa?

Na akaendelea. Viwili leo, viwili kesho, hakuruka hata siku moja. Wiki ya pili miguu ikaanza kulia. Wiki ya tatu ikawa kama imetwangwa. Akitoka kitandani hukaa kwanza pembeni, akajisugua mapaja, akaiomba miguu kwa jina la Mungu imbebe hadi chooni. Alikuwa akiswali wima, akaanza kuswali kitini. Kikombe cha chai akikinyanyua kwa mkono mmoja anaona mkono unamwambia kwani lazima? Alichoka uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao, umekungoja pembeni ya mto.

"Bibi, una nini?" Hafswa akimuuliza.

"Uzee. Nao unasomwa chuoni?"

Na moyoni alikuwa akijisifu. Maumivu yale yalikuwa na maana, ati. Mafuta yanatoka. Kitu kilichoganda miaka yote kitatoka hivi hivi, bila kung'ang'ania nyama?

Katikati ya uchovu huo ndipo kilipokuja kitambaa cha Sufyan. Sufyan ni mjukuu wa Nadira, nikaha yake ilikuwa imekaribia, na kofia ya mjukuu haiendi kwa fundi mwingine. Nadira alichora kwa moyo wake wote: mikarafuu ubavuni, juu nyota ya pembe nane. Bi Rahima alikaa dirishani asubuhi na mapema, akakikunjua mapajani, akavaa miwani ya kushonea, akainama.

Mistari ya kuongoza ilikuwa imepinda.

Si yote. Ile ya pembeni ilikuwa sawa. Lakini ikifika katikati inakwenda mrama, inajikunja kama nywele iliyokaribia moto. Akageuza kitambaa. Ikapinda upande ule mwingine. Akakinyoosha kwa kiganja, akadhani ni mkunjo. Hakukuwa na mkunjo.

"Nadira," alisema peke yake. "Nadira mwenzangu, nawe umezeeka."

Hapo ungetaka kumuuliza: Bi Rahima, na maneno ya daktari? Yalimpitia, msidhani hayakumpitia. Yalimpitia kama mtu anayekupita njiani ukajifanya humjui. Jicho lake lilikuwa kwenye dawa. Tena viwili kwa siku, na miguu ndiyo shahidi. Jicho linalooshwa kila siku litaharibika vipi? Mkono wa Nadira ndio usio na dawa.

Akamwita Hafswa, akampa kitambaa. "Mpelekee bibi yako Nadira. Mwambie mistari haikukaa vizuri, aipige tena. Useme kwa adabu."

Hafswa akakipeleka. Njiani alikifungua akakitazama, akaona mistari imenyooka kama waya za umeme. Akasema moyoni hawa wana macho ya ufundi, wanaona tusiyoyaona sisi. Yeye, anayesomea dawa! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa yote.

Nadira alikitazama kitambaa, akakifua, akakichora upya. Kikarudi Mjambere baada ya siku tano. Bi Rahima akakitazama. Mistari ikawa imepinda zaidi ya mwanzo, na nyota ya juu ina pembe mbili zimeingiliana.

"Mrudishie. Mwambie kama mkono unatetemeka aseme, si aibu."

Hilo Hafswa alilifikisha neno kwa neno. Ndiyo kazi yake.

"Mkono wangu?" Nadira akasema. Ni mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake ni ya mtu aliyezoea kupatana bei. "Mkono wangu unatetemeka? Mwambie Rahima mkono huu unatia uzi sindanoni bila miwani. Mwambie labda ni kitwa chake kinachotetemeka."

Na hilo nalo likafikishwa.

Mara ya tatu Bi Rahima hakukikunja kitambaa. Alikisokomeza kwenye mfuko kama nguo chafu, juu akatia kijikaratasi alichoandika mwenyewe kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: SISHONI MISTARI YA MLEVI.

Alipokwisha kutuma alikaa kitini, hakusikia ushindi wowote. Alisikia uchovu tu. Miaka arubaini. Walianza wote wawili watoto wao bado wadogo, wakishonea kibarazani huku wanasengenya wakwe. Sasa ndiyo imeishia hapa? Akajaribu kumkasirikia Nadira ikamshinda. Hata hasira inataka nguvu.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, mlango ukagongwa ugongaji wa mtu asiyekuja kuomba chumvi.

"Hodi!"

"Karibu," Bi Rahima akasema, na sauti aliijua.

Nadira akaingia, hakuvua buibui. Mkono mmoja mfuko, mkono mwingine rula ya chuma ya marehemu mumewe, aliyekuwa akichora ramani za majengo huko bandarini. Rula ndefu, nene, ya kumtia mtu adabu.

"Salaam alekum."

"Alekum salaam. Kaa."

"Sikai. Mlevi hakai, ataanguka."

"Nadira..."

"Niache niseme, nimekuja kwa miguu yangu na jua lote hili. Kitambaa hiki nimekichora mara tatu. Mara ya tatu nikamwita Sufyan mwenyewe aje atazame, na yeye ni fundi wa vyuma. Akaniambia bibi, mistari hii ingekuwa reli, treni ingepita. Sasa mimi nataka kitu kimoja. Nionyeshe mstari ulipopinda. Kwa kidole. Ukinionyesha, nitaweka penseli chini leo na sitaishika tena mpaka nife."

Akakitandaza kitambaa mezani, hapo dirishani penye mwanga. Bi Rahima akajivuta, mkono kwenye ukingo wa meza, miguu ikimlalamikia. Akainama.

"Hapa. Na hapa. Si unaona unavyojikunja?"

"Hapo?"

"Hapo hapo."

Nadira akaichukua rula ya chuma akailaza juu ya mstari, ukingo kwa ukingo, akaishikilia kwa vidole viwili.

"Haya. Sasa nionyeshe."

Bi Rahima akatazama. Akanyanyua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akatazama tena. Akasogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia. Nadira alikuwa akingoja na midomo ameibana, na maneno mengine ameshayapanga nyuma ya meno.

"Rula hii," Bi Rahima akasema taratibu, "nani ameipinda?"

"Nini?"

"Rula. Imepinda hapa katikati. Imeingia ndani kama... Nadira, rula imepinda."

Nadira akaigeuza, akaigonga mezani. Chuma kikalia, ngwaa. Akairudisha. Akamtazama mwenziwe usoni, na yale maneno aliyoyapanga yote yakamtoka kichwani.

"Rahima. Fumba hilo la kushoto. Nitazame mimi."

Bi Rahima akafumba. Akamtazama kwa lile la kulia, lile zima, lile la kutegemea. Paji la uso liko. Kidevu kiko. Pua ya Nadira, ile pua ndefu aliyokuwa akiitania tangu ujana, ilikuwa imezama ndani kama mtu kaivuta kwa nyuma.

Akakaa. Hakulia. Alisema tu, "Maskini mistari yako."

"Achana na mistari. Tangu lini?"

"Tangu kitambaa cha kwanza."

"Yaani siku kumi na nne!" Nadira akavua buibui sasa, akakaa kwenye kiti cha pili. "Na daktari alikwambia nini? Ulinihadithia mwenyewe. Alikwambia siku hiyo hiyo. Wewe, badala ya kwenda kwa daktari, wanitusi mimi?"

"Nilikuwa natumia dawa."

Hafswa aliwakuta hivyo alipotoka chuo, wazee wawili wamekaa, rula katikati yao. Akataka kuanza habari yake ya siku, akaona hapana mahali pa kuiweka.

"Lete lile bati la biskuti," bibi yake akamwambia.

Hafswa akalishusha. Akalifungua. Pakiti za mwaka na zaidi zilikuwamo, nyingine hazijaguswa, nyingine zimemalizwa mbili mbili. Yeye mwenye kuzileta ndiye aliyeelewa haraka kuliko wote. Akahesabu tarehe kwa vidole, akatazama miguu ya bibi yake iliyolala juu ya kigoda.

"Ulikuwa huzimezi."

"Sikuzimeza."

"Halafu ukaanza viwili. Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

Hafswa alifungua mkoba, akatoa daftari, akapekua mpaka penye kalamu nyekundu. Akaisoma ile nusu ya pili kwa sauti, yote, watu wachache, haijathibitika, mtu asijiongezee. Alipofika mwisho machozi yalikuwa yakidondokea karatasi.

"Basi," Bi Rahima akasema. "Usilie. Nimechoka, sina nguvu ya kubembeleza mtu."

"Mimi sikumaliza kusema, bibi."

"Na mimi nilisikia nililolitaka. Tumegawana."

"Na mimi," Nadira akasema, "nilikuwa na rula nyumbani mara zote tatu, nikakaa kununa. Tumegawana watatu. Kesho saa moja asubuhi nipo hapa. Na usiniambie miguu. Tutakubeba kama maiti."

"Mdomo wako!"

"Ndio nilio nao."

Asubuhi yake wakawa kwenye foleni ya kliniki ya macho. Bi Rahima alitiwa matone, akaweka kidevu kwenye mashine, akaambiwa asipepese. Daktari Kyalo alitazama picha kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu kuliko uliotakiwa na moyo wa mtu.

"Maji yapo," alisema. "Na damu kidogo. Ungekuja siku ya kwanza, mama..." Akaacha hapo. Alikuwa amechoka na yeye. Foleni ilikuwa imefika mpaka getini. "Leo tudunge. Halafu tuone."

Hafswa akaeleza habari ya vidonge, yote, bila kupunguza, hata sehemu yake. Daktari akamsikiliza, kisha akamgeukia bibi.

"Hizo dawa, mama, ni za moyo na mishipa. Huko zinafanya kazi yake vizuri, na kuziacha kimya kimya ilikuwa makosa. Kuzimeza mara mbili ni makosa mengine. Utapimwa damu leo hii, kwa sababu misuli ikiumia hivyo, figo nazo zinaweza kupata shida. Daktari wako wa moyo akubadilishie aina au apunguze. Kuhusu jicho, watu bado wanachunguza. Labda siku moja. Lakini haya maji yaliyovuja kidonge hakiwezi kuyafikia. Hii ni kazi ya sindano."

Sindano. Bi Rahima akatazama mlango. Miguu ingekuwa yake ya zamani, angekuwa nje.

Nadira akamsogelea sikioni. "Rahima. Wewe umeichoma bafta ya watu miaka arubaini, kitundu kwa kitundu, hakuna hata siku moja uliyoiuliza kama inauma. Leo zamu yako."

"Mungu akulaani."

"Amina. Ingia."

Akaingia. Alilazwa chali, akafunikwa uso kitambaa chenye tundu moja, akatiwa matone ya baridi mpaka jicho likawa si lake. Kitu kikazishika kope zisifumbe. "Tazama juu, mama. Juu kabisa. Usiongee." Akatazama juu, akasoma dua alizozikumbuka, kimoyomoyo. Akasikia kama mtu anabonyeza tunda kujua limeiva. Basi. Hakuna zaidi. Hofu ya mwaka mzima ikawa kitu cha pumzi mbili, na alipojua hivyo ndipo machozi yakamtoka, mengi, kwa jicho jingine.

Alitoka ameshikwa mkono. Mbele ya jicho kulikuwa na viputo vyeusi vinaelea, vikienda na kurudi kila akigeuza kichwa.

"Nyanya, hayo ni mapovu ya sindano, yataisha kesho," muuguzi Mercyline akamwambia. "Urudi baada ya wiki nne."

"Nirudi kufanya nini?"

"Kudungwa tena."

"Tena?"

"Eeh. Na tena."

Bi Rahima akamgeukia mjukuu wake. "Hili nalo lilikuwa daftarini?"

Sufyan alioa kwa kofia ya kununua. Ilimkaa vizuri, watu wakasema mashallah, na Nadira hakuitazama hata mara moja. Damu ya Bi Rahima ilipopimwa ilitia wasiwasi kidogo, akasimamishwa dawa mpaka ikatulia, kisha akapewa ya aina nyingine, kimoja. Hafswa humtilia mkononi na kumtazama mpaka ameze. Miguu haikupona siku moja. Ilimrudia taratibu, leo ngazi mbili, kesho tatu, kuna siku inakataa kabisa. Kushona alijaribu mara mbili. Mara ya pili alijichoma kidole akatia damu kwenye bafta ya watu, akaikunja, akasema yatosha, na hakuna aliyembishia.

Mwezi wa nne wa sindano walikuwa kwenye benchi lile lile la kliniki. Mbele yao watu kumi na sita. Nadira alikuwa amesinzia na mdomo wazi. Daktari Kyalo alikwisha kutazama picha ya siku ile, akasema maji yamekauka, ila kilichopotea katikati kimepotea. Jicho halikurudi, wala halikuzidi kuharibika.

"Mpaka lini?" Bi Rahima alimuuliza.

"Tutaanza kurefusha, mama. Wiki sita, kisha nane. Lakini kuacha, hapana, tusidanganyane."

Hakudanganywa, na hilo pekee lilimpumzisha. Akakaa, mgongo kwenye ukuta, mikono mapajani isiyo na kitu cha kushika. Hafswa pembeni yake alikuwa na habari. Ilionekana wazi, goti lilikuwa likimchezacheza. Lakini alikuwa bado anaisoma kwenye simu, mpaka chini, midomo ikienda bila sauti.

"Rahima!" Mercyline akaita mlangoni.

"Abee."

Akainuka kwa vituo viwili, akashika bega la mjukuu, akamtazama yule muuguzi kwa jicho la kulia. Pua ilikuwa imekwenda upande na shavu moja limeshuka, lakini ni Mercyline, na alikuwa akitabasamu, na kwenye meno ya mbele alikuwa na mwanya ambao Bi Rahima hakuwahi kuujua.

"Nakuja, mwanangu," akasema. "Usinihimize."